Maadui wa jana walivyoandika kitabu kimoja cha historia

HEBU chukua kitabu cha historia cha mwanao, kile kinachotupwa kochini kila jioni akishamaliza kazi ya nyumbani. Umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba habari hii iingie kitabuni na ile iachwe?

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Taifa likiandika historia yake lenyewe, hujipamba na kumpaka jirani masizi. Watoto wakisomeshwa hayo miaka nenda miaka rudi, hukua na chuki wasiyojua ilikotoka.

Ndivyo ilivyokuwa kati ya Ufaransa na Ujerumani. Kuanzia 1870 hadi 1945 mataifa hayo yalipigana vita vitatu vikubwa. Katika mapigano ya Verdun pekee, mwaka wa 1916, watu wapatao 300,000 walipoteza maisha.

Usidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Moto wa vita hivyo vya kwanza vya dunia ulifika hadi Taita, na mtaa wa Kariokor hapa Nairobi ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza.

Ombi la vijana

Mnamo Januari 2003, nchi hizo mbili ziliadhimisha miaka 40 ya mkataba wao wa urafiki. Wanafunzi kutoka pande zote mbili walikutana mjini Berlin katika bunge la vijana, wakatoa ombi: tupeni kitabu kimoja cha historia, chenye habari zile zile, kwa lugha zetu mbili. Rais Jacques Chirac na Chansela Gerhard Schröder wakalikubali.

Kampuni mbili za uchapishaji, Nathan ya Ufaransa na Klett ya Ujerumani, zikakusanya walimu na wanahistoria wa pande zote.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa mtaala. Ufaransa ina mtaala mmoja wa taifa zima, ilhali Ujerumani ina majimbo 16 na kila moja lina mamlaka juu ya elimu yake.

Isitoshe, hata namna ya kufundisha ilitofautiana. Walimu wa Ufaransa walizoea vitabu vilivyojaa picha, ramani na nyaraka za kale, maelezo yakiwa mafupi. Wajerumani walizoea maelezo marefu na maswali yanayomtaka mwanafunzi atoe maoni yake. Kitabu kipya kikachota huku na huku.

Mzozo ulipotokea

Huenda ukadhani walikorofishana juu ya Hitler. La hasha! Hayo wanahistoria walikuwa wameshaelewana kitambo. Hata mnamo 1951 wenzao walikuwa wameketi na kukubaliana mambo ya kurekebishwa vitabuni.

Kilichowatoa jasho ni Marekani. Wajerumani waliiona kama mlinzi aliyewakinga baada ya 1945, lakini Wafaransa waliutazama ubabe wake kwa jicho la shaka. Ukomunisti nao ulileta ubishi. Huko Ufaransa chama cha kikomunisti kiliwahi kupata kura nyingi, na wafuasi wake walipigana na Wanazi. Wajerumani nao hawakusahau ndugu zao wa Mashariki waliotawaliwa na wakomunisti nyuma ya ukuta.

Je, walifanyaje? Hawakuufukia ubishi wao. Waliweka kurasa maalum za kumwonyesha mwanafunzi jinsi kila upande unavyolitazama jambo lilo hilo, naye apime mwenyewe.

Juzuu ya kwanza ilitoka 2006, ya pili 2008 na ya tatu 2011. Hata hivyo, mambo hayakuwa mteremko. Mitaala ilibadilika, na kitabu kikatumika zaidi katika madarasa yanayofundisha kwa lugha zote mbili. Lakini mbegu ilikuwa imeota: Ujerumani na Poland zilitoa kitabu chao cha pamoja, juzuu nne, kati ya 2016 na 2020.

Na wewe mzazi?

Hapa kwetu pia kuna kurasa ngumu. Wakati wa Mau Mau zipo familia ambazo ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akashika bunduki ya mkoloni. Wajukuu wa wote wawili hukaa dawati moja leo.

Kwa hivyo, mwanao akirudi nyumbani na kisa cha vita au cha shujaa, usimwambie tu akariri kwa ajili ya mtihani. Muulize: nani anasimulia hapa? Yule wa upande wa pili angesema nini? Kisha mpeleke kwa babu au nyanya akaulize zaidi, maadamu bado wapo.