Bastola ya Kale ya Marekani: Thamani Yake, Hila Zake na Sheria



Katika mkutano mmoja wa hadhara, mzee mmoja alituuliza swali linalostahili jibu refu kuliko lile tulilompa siku hiyo. Alisema kwamba ndani ya sanduku la marehemu baba yake mna bastola iliyofungwa kitambaa, yenye maandishi ya kiwanda cha Marekani. Kijana mmoja alikuwa amemshauri aivushe mpaka, kwa kuwa vitu vya namna hiyo huuzwa kwa mamilioni. "Je, ni kweli?" aliuliza. "Na nikiwaambia ninyi polisi, mtanifunga?"

Tuanze na swali la kwanza. Ni kweli kwamba huko Marekani wako watu wanaokusanya bastola za kale kama wengine wanavyokusanya sarafu. Samuel Colt alipata hataza ya bastola yenye silinda inayozunguka mwaka 1836. Kiwanda chake cha kwanza kilifilisika, lakini mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Meksiko, alirudi na bastola iitwayo Walker. Zilitengenezwa kiasi cha 1,100 tu, ndiyo maana leo ni adimu. Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa bastola ndogo iliyotumia risasi zenye ganda la chuma, na mwaka 1873 Colt wakatoa ile iliyochukuliwa na jeshi la nchi yao.

Hata hivyo, uzee peke yake hauleti bei. Mthamini huangalia kwanza namba za utambulisho zilizopigwa kwenye kiunzi, mtutu na sehemu nyingine. Zisipolingana, thamani hushuka. Pili, huangalia kama rangi ya kiwandani bado ipo. Wengi huharibu hapa: mtu akiisugua kwa msasa ili ing'ae, huwa ameondoa kile ambacho mnunuzi angekilipia. Tatu, na lililo kuu, huuliza ushahidi wa maandishi: bastola ilitoka kiwandani lini, ikapelekwa kwa nani, ikamilikiwa na nani.

Waswahili wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi Agosti 2021, bastola ambayo ofisa wa usalama Pat Garrett alimuulia mhalifu Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa mnadani Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Nyingine za aina ile ile, zisizo na historia wala hati, huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kilicholipiwa ni historia iliyothibitishwa, wala si chuma.

Hapo ndipo matapeli wanapopata mlango. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, viwanda vya Italia vimekuwa vikitengeneza nakala halali za bastola hizo. Mwenye hila huchukua nakala, akaila kwa tindikali na kuipaka kutu, kisha akaiita urithi wa kale. Akikujia mtu akakwambia anaye mnunuzi wa kigeni anayesubiri, ila anahitaji "fedha kidogo ya hati" kutoka kwako, fahamu kwamba anayeuzwa ni wewe.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na huilegezea masharti mengi. Legezo hilo ni la Marekani, nalo halivuki bahari kuja kwetu. Hapa Uganda mwenye silaha ya moto hutakiwa kuwa na kibali, na umri wa silaha si kibali. Kuivusha mpaka kwa siri ni kosa zito zaidi, hata kama mvushaji aliamini amebeba pambo.

Iko pia hatari ya mwili. Baruti ya kale haifi kwa kuzeeka. Bastola iliyolala sandukuni miaka mingi yaweza kuwa na risasi ndani, na kutu huifanya isitabirike.

Kwa hiyo, ukiikuta nyumbani, usiiguse, usiisafishe, usiipige picha kwa ajili ya kuitangaza, wala usiibebe kuileta kituoni. Waondoe watoto karibu, funga chumba, kisha piga simu kituo cha polisi au mjulishe mwenyekiti wa kijiji, nasi tutakuja kuichukua. Omba hati ya makabidhiano na uihifadhi.

Na lile swali la pili la mzee? Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za ukanda wetu, Uganda ikiwamo, huhimiza usalimishaji wa silaha kwa hiari. Kila shauri huangaliwa kwa mazingira yake, lakini anayetuita mwenyewe hasimami mahali pamoja na anayekamatwa njiani usiku. Mzee yule alituita. Sanduku la baba yake bado analo. Kilichotoka ndani yake ni hatari tu.