Kobalti: jina la pepo wa nyumbani

Kwenye soko la Musompo magunia ya kobalti yanapimwa na kuuzwa, na wengi hapa Dilala wanajua bei yake vizuri kuliko namna jina lake lilivyoanza.

Jina ni la Wajerumani: Kobold. Ni pepo mdogo wa masimulizi yao anayekaa nyumbani mwa watu, mara anasaidia, mara anaharibu. Wataalamu wengi wa lugha wanaona ni maneno mawili yaliyounganishwa, sawa vile sisi tunasema mwanainchi: la kwanza ni chumba ao nyumba, la pili linatoka kwenye kutawala. Yaani, mwenye kutawala nyumba.

Sasa pepo wa nyumba alifikaje mgodini? Katika milima ya Saxe, miaka ya 1500, wachimbaji walikuwa wanatafuta feza. Walikuta mabwe yenye kungaa sawa feza, lakini wakiyachoma, feza haitoki. Ulitoka moshi wa sumu, kwani ndani mlikuwa arseniki. Wakasema: pepo ameiba feza yetu, ametuachia takataka. Haikuwa hadisi tu. Georgius Agricola, munganga aliyetumika kwenye mji wa migodi, aliandika katika kitabu kilichotoka 1556 kwamba aina moja ya mabwe hayo inakula miguu ya wafanyakazi iliyolowa maji, inaumiza mikono na macho.

Karibu na 1735 ndipo Georg Brandt wa Swideni alionyesha kwamba humo kuna metali mpya. Jina la pepo likabaki; Wadani hata leo wanaandika kobolt. Nikeli nayo ilitoka kwenye Kupfernickel, shaba ya pepo, maana jiwe lake jekundu halikutoa shaba.

Kobalti ya Kolwezi inatoka zaidi katika heterojeniti, jiwe jeusi, si lile la arseniki la Saxe. Ila vumbi lake si la kuchezea. Kule Kasulo, watu walianza mwaka wa 2014 kuchimba ndani ya parsele, hata chini ya nyumba zao. Mwaka wa 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba wakaaji wa pale walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko wale wa mtaa usio na machimbo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Vumbi la ndani ya nyumba lilipimwa pia. Lilikuwa na kobalti nyingi.