Hipnosisi na Jitimai ya Majira ya Majani Kupukutika

Mwaka 1976 tabibu kijana aitwaye Norman Rosenthal alihama Johannesburg, mji uliojaliwa jua, akaenda New York kujifunza utabibu wa maradhi ya akili. Na huko, kila mwaka majani ya miti yalipogeuka rangi na mchana ukaanza kupunguka, aliona nguvu zake za kazi zikimtoka, wala zisimrejee mpaka miti ichipue tena. Mwingine angalidhani ni uvivu, au ukiwa wa ugenini tu. Yeye alitafuta sababu, na mwaka 1984, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, alitoa pamoja na wenzake maelezo ya maradhi ya huzuni ijayo na majira na kuondoka na majira, ambayo tangu hapo yana mahali pake katika vitabu vya tiba.

Msomaji wa Mombasa au Unguja, ambaye mchana wake mrefu kabisa hauuzidi ule mfupi kwa muda wa saa nzima, ana haki ya kustaajabu. Lakini jamaa zake waliohamia London wanajua kuwa mchana wa Juni huko hupita saa 16 na nusu, ilhali ule wa Disemba haufiki saa 8. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zote zikisharudishwa nyuma, haupiti muda ila mtu hutoka kazini saa kumi na moja ya jioni akakuta giza limekwisha kutanda. Nuru iingiayo machoni ndiyo iiongozayo saa ya mwili. Ikichelewa asubuhi, saa hiyo nayo huchelewa, na wataalamu wengi huona kuwa hapo ndipo uanzapo uzito wa kuamka, na uchu wa wanga na vitu vitamu, na kuwaepuka watu. Kwa hiyo tiba iliyochunguzwa zaidi ni nuru yenyewe: taa kali ya luksi 10,000, ambayo mgonjwa huketi mbele yake kila asubuhi kwa muda wa nusu saa hivi.

Basi hipnosisi yaingia wapi, maadamu haiongezi nuru hata chembe, wala haijapata kwa maradhi haya ushahidi kama ule wa taa? Huingia, kwa maoni yangu, katika fadhaa inayoyatangulia majira. Wako watu ambao Septemba bado ina jua nao wamekwisha kuuomboleza mwezi wa Januari. Kari Leibowitz, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwenda Tromsø, kaskazini mwa Norwe, mji usioliona jua likichomoza kwa muda wa majuma kadhaa kila mwaka, akakuta kwamba waliokuwa na dhana njema juu ya majira ya baridi ndio aghalabu waliokuwa na nafsi zenye raha zaidi. Dhana si nuru. Lakini dhana huweza kugeuzwa, na kuigeuza ndiyo kazi ya hipnosisi.

Kazi hiyo ina nasaba ya ajabu. Franz Anton Mesmer aliwatibu watu wa Paris kwa nguvu aliyoidai kuwa ni sumaku ya viumbe, hata mwaka 1784 tume ya Mfalme Louis wa 16, iliyokuwa na wanasayansi Benjamin Franklin na Lavoisier ndani yake, ikahukumu kwamba sumaku hiyo haipo, na kwamba kilichowatikisa wagonjwa ni mawazo yao wenyewe. Hukumu hiyo ilimfedhehesha Mesmer. Lakini insafu yatulazimu kusema kuwa pasipo kukusudia ilishuhudia jinsi mawazo yalivyo na nguvu juu ya mwili. James Braid, mpasuaji wa Manchester, aliiondolea kazi hiyo miujiza katika kitabu chake cha mwaka 1843, na mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kikaikubali kuwa na manufaa katika tiba.

Mgonjwa hukalishwa kitini, akaambiwa akaze macho mahali pamoja, apumue taratibu, alegeze viungo tangu nyayo hata utosi. Halali, wala hapokonywi hiari yake: husikia yote, na akitaka kuinuka huinuka akaenda zake. Fikira zikishatulia, tabibu humtajia yale yamtishayo, dirisha jeusi la jioni na baridi ya kitandani alfajiri, akayaambatisha na raha anazozijua yeye mwenyewe. Na tena humwagiza jambo la kutenda, ambalo naliona bora kuliko yote, kwamba kengele ya asubuhi ikilia atashusha miguu sakafuni na kutoka nje kuipokea nuru. Hatimaye hufundishwa kujifanyia mwenyewe nyumbani. Watu hawalingani katika kuathirika: wachache huzama upesi, wachache hawazami kabisa, na walio wengi wako katikati.

Huzuni inayomnyima mtu kazi na chakula kwa majuma, au inayomletea fikira za kujiua, ni ya kupelekwa kwa daktari mara moja, na mwenye maradhi ya kuona au kusikia yasiyokuwapo asitiwe katika hipnosisi pasipo idhini ya daktari wake. Nchini Uingereza sheria haimzuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa hipnosisi. Atafutaye mtaalamu na aulize kwanza kama ana shahada ya udaktari au ya saikolojia, na kama amepata kutibu huzuni za namna hii.