Kima na Papa kwenye skrini: kuchora na kuhariri hadithi ya Bibi kwa Scratch

Watoto wetu wengi huku Muscat, London au Minneapolis wanamwelewa Bibi akiongea kwenye simu, lakini humjibu kwa Kiingereza. Kuwafokea hakusaidii. Likizo hii jaribuni kuwapa kazi isiyokamilika bila Kiswahili: wachukue hadithi ya Bibi, waichore, waitie sauti yake mwenyewe, halafu waifanye icheze kwenye kompyuta.

Programu ninayoipendekeza ni Scratch, iliyotolewa na MIT Media Lab ya Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, hufunguka ndani ya kivinjari, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Wazazi mliosoma kompyuta miaka ya 2000 mtakumbuka Flash, ambayo Adobe waliizika mwisho wa mwaka 2020. Scratch inafanya sehemu ya kazi ile ile: kuchora, kusogeza na kutia sauti mahali pamoja. Wengi huichukulia kuwa ya kufundishia kuandika programu tu, wakachukua picha za tayari, ubao wa kuchorea wasiuguse. Hasara ni yao.

Tuchukue Kima na Papa, hadithi ambayo Edward Steere aliiandika kutoka Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, na ambayo bibi wengi bado wanaijua. Inafaa kwa sababu haina mengi ya kuchora: mkuyu, bahari, kima mmoja na papa mmoja.

Kabla ya kushika brashi, chagueni aina ya picha. Scratch inazo mbili. Bitimapu ni kama mkeka wa rangi: picha imesukwa kwa vipande vidogo vingi, na ukiikuza sana unaviona vipande vyenyewe. Vekta ni kama kamba iliyozungushwa kwenye vigingi: ukisogeza kigingi kimoja, umbo linafuata, na ukilikuza halichakai. Kwa wahusika tumieni vekta. Bitimapu waachieni watoto wadogo wanaotaka kupaka tu, au picha iliyopigwa kwa simu. Angalieni jambo moja: vekta ikishageuzwa kuwa bitimapu, vile vigingi vimekwenda. Kuirudisha vekta kutakupa picha moja nzima, si umbo unaloweza kulivuta tena.

Papa huanza na duara. Chora duara, ulinyooshe liwe kama yai, kisha chukua chombo cha kurekebisha umbo. Nukta zitajitokeza ukingoni. Vuta moja mbele iwe pua, bofya ukingoni uongeze nyingine mbili kwa ajili ya mkia. Pezi ni mstatili ulioondolewa nukta ya pembe moja: unabaki na pembetatu. Mtoto wa miaka tisa akishaiona hila hiyo, utamkuta anageuza mistatili ya nyumba nzima kuwa mapezi.

Rangi ndiyo huwaliza. Kwenye bitimapu, mstari ukiwa na mwanya mdogo kama wa sindano, ndoo ya rangi humwagika na kufunika ukurasa wote. Dawa ni kubofya mshale wa kurudi nyuma, kukuza picha, kuziba mwanya, kisha kumwaga tena. Msimwambie mtoto afute kwa kifutio. Atafuta na papa.

Sasa mdomo. Kila mhusika katika Scratch anaweza kuwa na mavazi kadhaa, yaani picha zinazobadilishana. Usichore papa wa pili upya. Nakili yule wa kwanza, kisha katika nakala fungua mdomo tu. Ukichora upya, papa wa pili hatakaa pale pale, na kila akibadilika ataruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mavazi mawili yakipishana kila sehemu ya kumi mbili za sekunde, papa anaongea. Mawimbi yafanyeni mhusika wa peke yake na kuyaweka mbele kabisa, ili papa aonekane amezama nusu. Jukwaa lenyewe ni pikseli 480 kwa 360, kwa hiyo msijisumbue na majani ya mkuyu moja moja.

Kazi kubwa ni sauti. Mpigieni Bibi, mumweleze mnataka kufanya nini na mumwombe ruhusa, kisha asimulie kwa utulivu. Mara nyingi sauti ya wazee wetu imo kwenye ujumbe wa simu tu. Simu ikiibiwa, nayo imekwenda. Scratch hupokea faili za MP3 na WAV, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp lazima ugeuzwe kwanza. Ikishindikana, wekeni simu karibu na kompyuta, chumba kinyamaze, mrekodi moja kwa moja.

Kwenye kihariri sauti utaona mchoro wa milima na mabonde. Bonde tambarare ni kimya: buruta kipanya juu yake, ufute. Lakini msifute kila pumzi. Bibi anapotua kabla Kima hajasema moyo wake ameuacha nyumbani, kutua kule ni sehemu ya hadithi. Teueni sentensi moja moja na kuinakili kuwa sauti mpya, ili kila onyesho lipate kipande chake. Hapo mtoto hana budi kusikiliza neno kwa neno, maana bila kuelewa hajui akate wapi. Kitufe cha kuongeza kasi hupandisha pia sauti, Bibi akawa kama kifaranga, na kile cha roboti watakipata wenyewe. Hifadhini nakala safi mapema. “Pakawa!” airekodi mtoto.

Mwisho, kuhifadhi. Ukibofya kitufe cha kushiriki, kazi huonekana na dunia nzima, pamoja na sauti ya Bibi na majina yaliyomo. Kwa mambo ya familia ni afadhali kuihifadhi kwenye kompyuta kama faili ya sb3 na kuwatumia ndugu. Binamu aliyeko Tanga akiwa na Scratch ya kupakua ataifungua hata bila intaneti, na akipenda atamchorea Kima mkia mrefu zaidi na kuwarudishia.