Kosa Lililojificha Ndani ya MAGAZIJUTO

Haupiti mwezi ila swali lile lile hunijia, mara kutoka kwa mzazi, mara kutoka kwa kijana wa chuo, mara kutoka kwa watu wazima waliobishana barazani hata wakakaribia kununiana: 8 ÷ 2(2 + 2), jibu lake ni 1 au ni 16? Hesabu hii ilienea ulimwenguni mwaka 2019, wakaizozania watu wa kila nchi, na hata leo haijapoa. Na kila aniletaye shauri lake hunitaka nikae kama kadhi, nimpe mmoja haki na mwenziwe nimtoe kombo. Jawabu langu halimpendezi yeyote, kwani mwenye makosa ni yule aliyeiandika. Kwa kuacha alama ya kuzidisha baina ya 2 na mabano, na kwa kutumia alama ya ÷ mahali pa mstari wa sehemu, ameificha maana yake mwenyewe, maana wako wataalamu, na hasa wanafizikia, ambao wakiona namba imegandamana na mabano huzihesabu kuwa kitu kimoja kisichotenganika, na wako wengine wasiolikubali hilo kabisa, na vikokotoo vya kisayansi navyo vimegawanyika vivyo hivyo. Hiyo ÷ yenyewe, ambayo Mswisi Johann Rahn aliitumia kwa kugawanya katika kitabu chake cha mwaka 1659, kanuni za kimataifa za uandishi wa hisabati zinakataza isitumike, na huko Skandinavia ilikuwa desturi kuiandika kwa maana ya kutoa. Swali bovu halina jibu zuri, tuliache.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya swali hilo. Nimeishika kwa ajili ya burhani ambayo wabishi wote wawili huja nayo, kila mmoja akiamini kwamba imekata mzizi wa fitina: “Mwalimu, si MAGAZIJUTO inasema?” Neno hili, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, limesomeshwa Tanzania kwa vizazi, na kila aliyepita shule ya msingi analo kichwani hata kama yote mengine yamemtoka, nami silichukii, maadam limefanywa msaada wa kumbukumbu. Balaa ni kwamba limegeuzwa hirizi, mtoto huvalishwa akaambiwa limkinge na kila shari ya mtihani, na wala haambiwi kilichoandikwa ndani yake. Akaamini, na wazazi wakaamini, na walimu wasio wachache wakaamini, kwamba kuna ngazi tano zilizopandana moja juu ya moja, na kwamba kujumlisha ni lazima kuje kabla ya kutoa kwa kuwa JU imetangulia TO.

Itikadi hiyo ni batili. Nimepata kuonyeshwa daftari la mtoto wa darasa la tano lenye hesabu hii: 10 − 4 + 3. Mtoto, kwa akili yake njema ya kuzaliwa, alikuwa ameandika 9, na mwalimu wake wa masomo ya jioni alilitia jibu hilo alama ya kosa kwa wino mwekundu, akamwandikia pembeni kwa mwandiko mzuri kabisa: “Anza kujumlisha. 4 + 3 = 7. Kisha toa. 10 − 7 = 3.” Haya, na mtu aliyekuwa na shilingi 10,000, akatoa 4,000 akanunua sukari, kisha njiani akakutana na mdeni wake, naye akamrudishia 3,000, atafika nyumbani na ngapi? Muuza genge asiyeona mlango wa darasa atakwambia 9,000 kabla hujamaliza kuuliza. Kwa hukumu ya wino mwekundu amefika na 3,000, na 6,000 zimeliwa na herufi.

Ajabu ni kwamba nusu ya kwanza ya neno hilo, GAZI, haina madhara, na ndiyo maana ghalati ya nusu ya pili haigunduliki upesi. Mtoto akikutana na 12 × 6 ÷ 3 na akaanza kugawanya, atapata 12 × 2, yaani 24. Na akienda kutoka kushoto, atapata 72 ÷ 3, yaani 24 ile ile. Kutanguliza kugawanya hakumpotezi mtu hata siku moja, mradi azichukue alama za kugawanya kwa zamu yake kutoka kushoto. Bali kutanguliza kuzidisha humpoteza, kwa sababu 24 ÷ 4 × 2 ni 12, na mwenye kuanza na 4 × 2 ataangukia 3. Kadhalika kutanguliza kutoa hakuna dhara, na kutanguliza kujumlisha kuna dhara. Laiti walioliunda neno wangalipanga TO kabla ya JU, yasingalitufika haya, na mimi leo ningeandika habari nyingine.

Na kwa yule anayeshikilia kwamba mpangilio wa herufi ni sheria, namwomba atazame majirani. Kenya na Uingereza watoto hukariri BODMAS, ambamo kugawanya kumetangulia kuzidisha. Marekani hukariri PEMDAS, ambamo kuzidisha kumetangulia kugawanya. Lau herufi ndizo zingekuwa na amri, wahandisi wa nchi hizi wasingeweza kujenga pamoja hata daraja la mfereji.

Ukweli ni mfupi. Daraja za matendo haya manne ni mbili, wala si nne: kuzidisha na kugawanya wamo daraja moja, kujumlisha na kutoa wamo daraja ya chini yao, na walio daraja moja hupokewa kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha kumepewa heshima ya juu kwa mapatano ya wanahisabati, walakini mapatano hayo yana mantiki yake: 3 × 2,000 ni ufupisho wa 2,000 + 2,000 + 2,000, na ufupisho haukatwi katikati. Aliyelipa nauli ya shilingi 5,000 akanunua na kilo 3 za unga kwa 2,000 kila kilo, akaandika 5,000 + 3 × 2,000, ametumia 11,000. Akikibonyezea mfululizo huo kikokotoo rahisi cha dukani, ambacho hufanya kila tendo lifikapo bila kungoja lijalo, kitamtolea milioni 10 na elfu 6, tena bila haya.

Sasa la kufanya, kwa kuwa nafasi imekwisha. Mfundishe mtoto apigie mstari kila fungu la kuzidisha na kugawanya, alimalize, ndipo aende kutoka kushoto kwenda kulia na yaliyobaki. Mwambie alama ya kutoa ni mali ya namba inayoifuata, na popote namba iendapo huenda nayo, hivyo 10 − 4 + 3 aweza kuipanga 10 + 3 − 4 asipungukiwe kitu. Mzoeze kuandika sehemu kwa mstari, kiasi juu na asili chini, aiage ÷ mapema. Mpe hesabu atie mabano yeye, badala ya kumpa kila siku zenye mabano tayari. Kikokotoo kijaribiwe kwanza kwa 2 + 3 × 4: kikisema 14 kinajua daraja, kikisema 20 kiendeshwe kwa mkono. Vipeo MAGAZIJUTO haivitaji kabisa, navyo hufuata mara baada ya mabano; hapo kuna mtego mmoja, kwamba −3² kwa mwanahisabati ni −9, ilhali Excel ukiiandikia =-3^2 hukujibu 9, basi ukitaka hasi yako ibaki nje, andika =-(3^2).