Kusahihisha Uchambuzi wa Kisa: Alama Zitolewe kwa Hoja

1. Utangulizi

Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU Novemba 1974, lilikosoa tabia ya kumpima mwanafunzi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Tangu hapo kazi za kila siku zikaanza kuhesabiwa. Leo, katika vyuo vikuu vingi nchini, mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Miongoni mwa kazi hizo za muhula, katika masomo ya sayansi ya jamii, umo uchambuzi wa kisa.

Wanachuo wengi hulalamika kwamba hawajui alama zao zimetoka wapi. Malalamiko hayo si madogo. Kada aliyezoea kuandika ili kumfurahisha mkufunzi, kesho ataandika taarifa ya kijiji ili kumfurahisha mkubwa wake, na atakayeumia ni mkulima. Hapana budi basi tueleze jinsi kazi hii inavyopaswa kusahihishwa.

2. Kisa chenyewe

Kisa ni tukio halisi, lenye mahali, wakati na watu, ambalo ndani yake mna tatizo la kuchambuliwa. Tuchukue mfano wa Mwanza. Wakati wa ukoloni wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi walikuwa wakiwapunja kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaweka waangalizi wao wenyewe wa kupima. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, mwaka 1955 kiliundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria. Mwishoni mwa miaka hiyo karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwake.

Lakini mwaka 1966 serikali ililazimika kuunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu ya manung'uniko ya wanachama wenyewe. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ilikifanya kijiji kuwa chombo cha ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na wakulima wa pamba wakabaki na Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha vyama hivyo.

Swali kwa mwanachuo: kwa nini chombo kilichozaliwa na wakulima kilifikia hatua ya kulalamikiwa na wakulima?

3. Mgawanyo wa alama

Tuseme zoezi lina alama 20. Zinaweza kugawiwa hivi:

(a) Hali halisi, alama 5. Je, mwanachuo amepanga matukio kwa usahihi na kwa miaka yake? Anayechanganya uchunguzi wa 1966 na uvunjaji wa 1976 atajenga nyumba juu ya mchanga.

(b) Tatizo, alama 3. Je, ametenganisha dalili na chanzo? Wizi wa fedha za chama ni dalili. Mwanachama kushindwa kumwondoa mwizi ndiko kunakokaribia chanzo.

(c) Sababu na ushahidi, alama 6. Hapa ndipo penye uzito. Akisema uongozi ulikuwa mbali na wanachama, aonyeshe umbali huo: mkulima alikiona chama chake cha msingi, lakini maamuzi makubwa yalifanyika katika ngazi za juu asikofika. Pia aitaje hoja inayompinga na kuijibu.

(d) Pendekezo, alama 4. Lazima litokane na sababu alizozitaja. Aliyeona chanzo ni kukosekana kwa udhibiti wa wanachama hawezi kupendekeza kuongeza makarani tu.

(e) Mpango na lugha, alama 2.

Mgawanyo huu utolewe kwa wanachuo pamoja na swali, siyo baada ya kazi kukusanywa.

4. Makosa mawili

Kosa la kwanza ni la mwanachuo. Huandika kurasa tatu za kulaani urasimu na ubepari, lakini hamtaji mkulima hata mmoja akiwa kituoni na gunia lake. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini yangefaa kisa chochote. Kwa hiyo hayakichambui hiki. Katika kifungu (c) hayana alama.

Kosa la pili ni la msahihishaji, nalo ni baya zaidi. Huyu husoma hitimisho kwanza. Akikuta maoni yake humo, hutoa alama 16; akikuta kinyume chake, hutoa 8. Tuchukue wanachuo wawili: mmoja amehitimisha kwamba uamuzi wa 1976 ulikuwa kosa, mwingine kwamba ulieleweka kwa hali ya wakati ule. Kama wote wamepanga matukio sawasawa, wameonyesha sababu na wamejibu hoja pinzani, wote wanastahili alama nzuri. Anayewatenganisha kwa sababu ya hitimisho peke yake anafuga kasuku, na kasuku hawezi kuliambia taifa kwamba mambo yanaharibika.

5. Hitimisho

Msahihishaji aandike kando ya kila kifungu alama aliyotoa na sababu yake. Panapowezekana, karatasi chache zisomwe na mkufunzi wa pili bila kuona alama za wa kwanza. Naye mwanachuo awe na haki ya kuuliza, bila kuonekana mkorofi.

Wakulima wa Usukuma na Ukerewe hawakudai wapewe uzito usio wao. Walidai mizani ionekane, na awepo mtu wao wa kuisoma. Mwanachuo naye anadai hilo hilo, na akilipata chuoni atajua kulidai kwa ajili ya wengine atakapokwenda kufanya kazi vijijini.