Chekecheke la Kamukunji

Wasomaji, mke wangu alipoteza pete yake ya mahari mchangani, Nyali. Mpwa wangu anayo mashine ya kutambua madini. Tulichokosa ni chekecheke. Juzi nikatoka Muthurwa, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli, nikaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali.

“Mzee, hili la bati ndilo rahisi,” akaniambia fundi.

Lakini bati jembamba hupindwa na mchanga wa maji, na chumvi hulila. Nikachagua la chuma kisichoshika kutu: tundu zake huachia mchanga, huzuia pete, mpini mrefu huokoa mgongo. Cha rahisi huwa ghali.

Na tukiokota cha mwenzetu? Tutakitangaza mwaka mzima. Huenda aliyeiokota yetu naye anatangaza.